Nyumba ya pembe nane: ukuta unapungua, kona zinaongezeka

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kiwanja Morogoro, mita 20 kwa 25. Mtandaoni nimekutana na picha za nyumba za zamani za Marekani zenye pembe nane, varanda imezunguka nyumba nzima na juu ya paa kuna kijumba cha vioo. Mke wangu amezipenda kuliko mimi. Nimesoma kwamba umbo hilo linaokoa gharama za ukuta. Fundi wangu amecheka na kusema nitajuta. Nyumba hizi zilianzia wapi, watu walizipendea nini, na kama ni nzuri kiasi hicho mbona ziliachwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na msalimie mkeo, jicho lake ni zuri. Fundi wako naye hakukosea kucheka. Kila mmoja ana haki kwa sehemu yake, ndiyo maana jibu langu litakuwa refu kidogo.

Nyumba ulizoziona karibu zote zina baba mmoja, Orson Squire Fowler, aliyezaliwa mwaka 1809 huko Cohocton, jimbo la New York. Hakuwa mchora ramani wala fundi. Riziki yake aliipata kwa kupapasa vichwa vya watu. Zama hizo kulikuwa na elimu iliyodai kwamba tabia ya mtu, uchoyo wake, upendo wake, akili yake ya biashara, vyote vimeandikwa kwenye mabonde na vilima vya fuvu. Fowler na mdogo wake Lorenzo waliigeuza elimu hiyo kuwa biashara kubwa. Walitoa mihadhara mji hadi mji, wakachapisha vitabu na jarida, na watu walilipa ili washikwe vichwa. Mwandishi Mark Twain alisimulia kwamba akiwa London alikwenda kupapaswa na Fowler (Lorenzo ndiye aliyehamia huko) kwa jina la uongo. Akaambiwa kwamba mahali pa ucheshi kichwani mwake pana shimo. Akasubiri miezi mitatu, akarudi kwa jina lake halisi. Safari hii shimo halikuonekana tena, mahali pale palisimama mlima. Huyo Twain mweke pembeni kidogo, nitamrudia.

Basi mtu huyu wa mafuvu, mwaka 1848, alichapisha kitabu cha ujenzi kilichoitwa A Home for All, yaani makazi ya kila mtu. Hoja yake ilianzia porini. Tazama yai, alisema, tazama tunda, mbegu, shina la mti: viumbe vinapenda umbo la mviringo, kwa sababu mviringo hubeba vingi ndani ya ganda dogo. Nyumba nazo zingefaa ziwe hivyo. Lakini mbao hazipindi kirahisi, na duara humtesa seremala, kwa hiyo tuchukue umbo lililo karibu na duara ambalo bado linajengwa kwa mbao zilizonyooka. Ndiyo pembe nane.

Hesabu yake ni ya kweli, na unaweza kuijaribu mwenyewe. Chukua kamba ya mita 40. Ukiitandaza iwe mraba wa mita 10 kila upande, ndani unapata mita za mraba 100. Ukiitandaza iwe mstatili ambao urefu wake ni mara mbili ya upana, kama nyumba nyingi za mtaani kwetu, unapata 89 tu. Ukiitandaza iwe pembe nane, mita 5 kila upande, unapata karibu 121. Duara kamili lingekupa 127. Kamba ni ile ile. Msonge wa babu zetu wa Kagera ulisimama juu ya hesabu hiyo hiyo, bila kitabu wala kalamu.

Lakini hesabu peke yake haiwafanyi watu wavunje mazoea. Kilichowavuta wasomaji wa Fowler ni jinsi alivyozungumza nao. Hakumwandikia tajiri, alimwandikia mtu wa kawaida, fundi cherehani, mkulima, karani, mwenye fedha kidogo na mikono yake miwili. Aliona nyumba za fahari za wakati wake, zenye mbawa na vipembe na nakshi, kama upotevu wa mali. Na alifikiria kazi za ndani, jambo ambalo waandishi wa ujenzi wa siku hizo hawakulijali sana. Kwenye pembe nane ngazi inakaa katikati, vyumba vinaizunguka, na anayepika na kufagia hapotezi hatua kwenye korido ndefu. Alipigia debe choo cha ndani, maji ya mvua yanayokusanywa darini na kushuka kwa mabomba, joto linalosambazwa nyumba nzima kutoka tanuri moja, na mirija ya kuzungumzia kutoka ghorofa hadi ghorofa. Katikati ya karne ya 19! Majumba mengi ya matajiri yalikuwa bado yanatumia choo cha uani na ndoo.

Kile kijumba cha vioo nacho kilikuwa na kazi, hakikuwa pambo. Katikati ya pembe nane ni mbali na madirisha yote, kwa hiyo pangekuwa giza. Mwanga unaingia kupitia vioo vya juu na kuteremka pamoja na ngazi hadi chini, na hewa ya moto inapanda humo humo na kutoka. Simama chini ya ngazi ya namna hiyo mchana wa jua uangalie juu, utaelewa kwa nini watu walikubali kulala kwenye vyumba vya pembetatu.

Kabla sijafika kwenye pembetatu hizo, kuna jambo la ukuta. Toleo la kwanza la kitabu lilipendekeza kuta za mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine. Mwaka 1850 Fowler akasafiri hadi Milton, Wisconsin, akaona jengo la mtu aitwaye Joseph Goodrich, nyumba ya wageni yenye pembe sita iliyojengwa mwaka 1844. Kuta zake zilikuwa za chokaa, mchanga na kokoto, vimechanganywa na maji na kumwagwa ndani ya mbao za umbo, kisha mbao zikapandishwa na tabaka jingine likamwagwa. Inasemwa kwamba alichukua nyundo akaupiga ukuta ajionee. Akarudi nyumbani ameokoka. Toleo la mwaka 1853 likaja na ukuta wa kokoto kama nguzo ya pili ya hoja yake. Mtu wa Lamu au Unguja angemsikiliza akatabasamu, maana pwani yetu ilijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi kabla yake. Hata hivyo kwa pembe nane shauri lilikuwa zuri. Tofali limetengenezwa kwa kona ya nyuzi 90. Kona ya pembe nane ina nyuzi 135, na kila tofali linalofika pale lazima likatwe. Ukuta wa kumwaga hauna shida hiyo, unafuata mbao zilivyoelekezwa.

Fowler aliishi alichohubiri. Alijijengea nyumba karibu na Fishkill, kwenye kilima kinachotazama mto Hudson, kazi iliyoanza mwaka 1848 na kuchukua miaka mitano. Ilikuwa na vyumba 60, varanda kila ghorofa, na kijumba chake cha vioo kileleni. Majirani waliiita upumbavu wa Fowler. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1857 ukamfilisi, akaipangisha, na ikawa nyumba ya wapangaji. Inasimuliwa kwamba taifodi ililipuka humo baada ya maji ya karo la choo kupenya kwenye ule ukuta wa kokoto na kuingia kwenye kisima. Ikapita mikono mingi, ikachakaa, na mwaka 1897 ikalipuliwa kwa baruti. Mwenyewe alikwisha fariki miaka kumi kabla.

Lakini katikati ya miaka ya 1850 watu walikuwa wamemwelewa, na mamia ya nyumba zikainuka, nyingi jimbo la New York na Wisconsin. Watertown, Wisconsin, bado ipo ile ya John Richards ya mwaka 1854, ya matofali, yenye ngazi ya kuzunguka katikati. San Francisco ipo ya mwaka 1861 ya William McElroy. Miaka ya 1950, ilipokuwa inakarabatiwa baada ya kuhamishwa hadi upande wa pili wa barabara, ilikutwa chini ya ngazi barua ya mwenye nyumba mwenyewe, imefichwa pale tangu mwaka iliyojengwa. Irvington, kando ya Hudson, ipo nyingine ya mwaka 1860 ambayo mwenye nyumba aliyefuata aliibebesha kuba kubwa miaka ya 1870. Hiyo ndiyo huonekana sana kwenye picha, na nadhani ndiyo iliyomteka mkeo. Wako waliovuka mpaka kabisa. Mwaka 1856 Henry Clubb alikusanya familia zisizokula nyama wakaanzishe mji Kansas, wauite Octagon City, barabara nane zikikutana katikati. Waliofika hawakukuta mji. Walikuta nyasi, mbu na homa, na kabla mwaka haujaisha wengi walikwisha ondoka au kuzikwa.

Kuna moja ambayo siwezi kuipita. Natchez, Mississippi, mwenye mashamba ya pamba Haller Nutt alimwita mchora ramani Samuel Sloan kutoka Philadelphia amjengee jumba la pembe nane, vyumba 32, na juu yake kuba lenye umbo la kitunguu. Liliitwa Longwood. Kazi ilianza mwaka 1860, kwa fedha iliyotoka kwenye jasho la watumwa. Mwaka 1861 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza, na mafundi waliotoka Kaskazini wakatupa vifaa wakarudi kwao. Ganda la nje lilikuwa limekamilika, kuba limo juu, madirisha yamezibwa kwa mbao. Ndani palikuwa na sakafu tupu. Watumwa ndio waliomalizia vyumba tisa vya ghorofa ya chini iliyozama ardhini, familia ikahamia humo ikisubiri vita iishe. Nutt akafariki mwaka 1864. Mkewe Julia na watoto wakaendelea kuishi kwenye vyumba hivyo tisa, na juu ya vichwa vyao likiwa jumba tupu. Ghorofa za juu hazijamaliziwa hadi leo, na mgeni akipanda huko huoneshwa vifaa vya mafundi vilivyobaki. Hiyo si lawama kwa umbo, mstatili nao ungekatizwa na vita.

Lawama kwa umbo ni hii, na hapa ndipo fundi wako anapostahili chai.

Rudi kwenye kamba. Fowler alisema pembe nane inakupa asilimia 20 zaidi ya mraba. Kweli, ukishika urefu wa ukuta. Lakini wewe huanzi na urefu wa ukuta, unaanza na nyumba unayoihitaji. Tuseme unahitaji mita za mraba 100. Mraba unataka ukuta wa mita 40. Pembe nane inataka mita 36 na nusu hivi. Umeokoa asilimia 9. Na ukuta wa nje ni sehemu tu ya gharama: msingi wa ndani, kuta za ndani, paa, milango, umeme, maji, vyote viko pale pale au vimepanda.

Sasa gawanya vyumba. Tuchukue ile pembe nane ya mita 5 kila upande. Ukipiga kuta za ndani zilizonyooka kutoka kona hadi kona, mbili kwa mbili, unapata mraba mmoja katikati wa mita 5 kwa 5, vyumba vinne vya mita 5 kwa 3.5 kwenye pande kuu, na pembetatu nne kwenye kona. Kila pembetatu ni mita za mraba 6.25. Zote nne ni 25. Na faida uliyoipata juu ya mraba ilikuwa ngapi? Karibu 21. Unaona ilipokwenda. Faida yote uliyopewa na umbo, na zaidi kidogo, imekaa kwenye vyumba vya pembetatu.

Jaribu kuingiza kitanda cha futi 5 kwa 6 humo. Kinaingia, usukume kichwa chake kwenye kona yenye skwea. Ncha ya miguuni itabakiza sentimita 13 kufika ukuta wa nje, na ukitoa unene wa kuta na plasta hata hizo zinakwisha. Chumba kimekatika vipande viwili, na ukitaka kutoka upande wa mume kwenda upande wa mke, panda juu ya kitanda. Kabati utalilazimisha wapi? Fowler aliliona hilo, akajibu kwamba pembetatu ziwe stoo na kabati za ukutani. Jibu zuri kwa pembetatu ya kwanza. Kufikia ya nne unakuwa na stoo nyingi kuliko mali.

Yako mengine. Mihimili ya sakafu ya ghorofa inakuwa na urefu tofauti tofauti badala ya kukatwa yote kipimo kimoja. Nyumba haiongezeki: mstatili ukizaa watoto unaongeza chumba ubavuni, pembe nane ukiigusa popote umeiharibu. Na wakati huo huo Marekani ilikuwa inajifunza kujenga kwa mbao nyembamba za vipimo maalumu kutoka viwandani, misumari ya bei rahisi, kila kitu kimenyooka, kila kitu kina skwea. Nyumba ya kona nne ikawa rahisi kiasi kwamba ile asilimia 9 ya ukuta haikumshawishi mtu. Vita ilipokwisha mwaka 1865, mitindo mingine ilikuwa imeshika, na pembe nane ikabaki kwa wachache.

Kwetu kilichoutoa msonge njiani, kwa sehemu kubwa, ni bati. Zamani paa lilikuwa la nyasi, linalokubali umbo lolote. Bati ni mstatili. Kwenye paa la pembe nane kila uso ni pembetatu, na kila bati linalofika mgongoni linakatwa mshazari. Fundi mzembe anatupa kipande kilichobaki. Fundi makini anakigeuza chini juu na kukitumia kwenye mgongo mwingine unaoelekea upande ule ule. Na migongo ni minane, yaani mistari minane ya kofia ambayo mvua ya masika itaipima mmoja mmoja.

Lakini nilisema mkeo ana jicho zuri, na sikusema kwa adabu tu.

Umbo hili ni la kale kuliko Fowler kwa karne nyingi, na mahali lilipodumu lina tabia moja: halikugawanywa vyumba. Athens upo mnara wa marumaru uliojengwa kabla ya zama za Warumi kumalizika, pande nane kwa pepo nane, kila upepo umechongwa sura yake juu ya upande unakotokea. Nahodha wa jahazi anayejua kusi na kaskazi hahitaji kuelezwa maana yake. Qubbat al-Sakhra, yaani Kuba la Mwamba, ya Jerusalem, iliyojengwa mwaka 72 Hijria, sawa na 691 au 692 Miladia, ina pande nane za takriban mita 20 kila moja, na ndani ni nguzo na njia ya kuuzunguka ule mwamba, hakuna kuta zinazoukata ukumbi. Wakristo wa kale walijenga hivyo vyumba vyao vya ubatizo, kwa sababu ya siku ya nane, siku ya ufufuko. Kanisa kuu la Mtakatifu George pale Addis Ababa ni pembe nane pia. Na kuna sababu ya kifundi: kuba ni duara, chumba ni mraba, na pembe nane ndiyo daraja kati ya hivyo viwili.

Hata Thomas Jefferson, aliyeanza kujenga nyumba yake ya mapumziko ya pembe nane huko Poplar Forest, Virginia, mwaka 1806, miaka 42 kabla ya kitabu cha Fowler, aliupa umbo nafasi. Katikati aliweka chumba cha kulia cha futi 20 kila upande, kimo chake futi 20 vile vile, na dirisha la vioo kwenye dari. Vyumba vinavyokizunguka vina pembe nane zilizonyooshwa, si pembetatu. Lakini alikuwa anakwenda huko kukimbia wageni. Hakuhitaji vyumba vingi, na miongoni mwa waliopandisha kuta hizo na kuchonga mbao zake walikuwamo watumwa wake. (Jumba la Washington linaloitwa The Octagon, alikohamia Rais Madison baada ya Waingereza kuichoma Ikulu mwaka 1814, usilihesabu. Lina jina tu, ukihesabu pande zake hazifiki nane.)

Na sasa Twain. Mwaka 1874 shemeji yake Susan Crane alimjengea kijumba cha kuandikia juu ya kilima, shambani kwake karibu na Elmira, New York. Chumba kimoja. Pembe nane, paa la ncha, madirisha makubwa kuzunguka, meza, kiti, meko. Kutoka hapo aliona bonde lote na mji chini yake, na siku za dhoruba alisikiliza mvua ikigonga paa juu ya kichwa chake. Kazi zake kubwa nyingi aliziandika humo. Mwaka 1952 kijumba hicho kilihamishiwa kwenye chuo cha mjini Elmira, na kipo. Mtu aliyepapaswa kichwa na akina Fowler ndiye aliyepata pembe nane bora kuliko zote walizozihubiri, kwa sababu ilikuwa chumba kimoja na hakuna aliyejaribu kuingiza kitanda cha pili.

Kwa hiyo ushauri wangu. Usijenge nyumba nzima. Jenga sebule. Vyumba vya kulala, jiko na vyoo viweke kwenye mstatili wa kawaida nyuma, na mbele yake ishike sebule ya pembe nane yenye upana wa mita 6 kutoka ukuta hadi ukuta. Itakupa karibu mita za mraba 30. Upande mmoja, wenye mita 2.49, unaungana na korido. Saba zinabaki kwa ajili ya madirisha, mlango na hewa. Makochi hayahitaji skwea, na mkeo atapata mwanga wake. Kijumba cha juu si lazima kiwe cha vioo. Joto la Morogoro si la New York. Weka luva zinazopitisha hewa na kuzuia mvua, hewa ya moto ipande itoke.

Msingi usiupime kwa kukisia nyuzi. Tandika kwanza mraba wa mita 6 kwa mambo (vigingi) na kamba, kona zihakikishe kwa tatu-nne-tano: mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, mshazari usome 5. Vuta kamba mbili za mshazari, kila moja itakuwa mita 8.49, zinapokatana ndipo katikati. Sasa shika kamba kwenye kona ya mraba, ivute hadi katikati: mita 4.24. Bila kuiachia pale konani, izungushe hadi ilale juu ya upande wa mraba, piga mambo. Fanya hivyo kulia na kushoto kwa kila kona. Utakuwa na mambo nane, mbili kila upande, na ukiziunga kwa zamu una pembe nane bila kupiga hesabu yoyote.

Kwenye kila kona ya ukuta simamisha nguzo ya zege yenye nondo, umwage ndani ya mbao za umbo, kama Goodrich. Usimwache fundi akate tofali kwa panga. Lenta ya juu iwe pete moja isiyokatika, kwa sababu paa la ncha linasukuma kuta nje pande zote, na lenta hiyo inafanya kazi ya mkanda wa chuma kwenye pipa.

La paa nililijifunza kwa aibu. Nilipokuwa kijana nilichora banda la kulia chakula la pembe nane, ufukweni, na seremala akakata makombamoyo manane sawasawa na mchoro wangu. Nilikuwa nimepima urefu hadi katikati kabisa, kana kwamba mbao nane zinaweza kukutana kwenye ncha ya sindano. Mbili za kwanza zikakutana vizuri, tukashangilia. Ya tatu na ya nne zikabanwa kwa nyundo. Ya tano haikuwa na pa kwenda. Yule mzee seremala alinitazama kutoka juu ya ngazi bila kusema neno, akashuka, akachukua gogo fupi la mninga, akalichonga pande nane. Akalisimamisha katikati, akapunguza kila kombamoyo kwa nusu ya unene wa gogo, na kila moja likakaa kwenye ubavu wake. Mwambie fundi wako aanze na gogo.

Na asikuambie msingi uko sawa kwa sababu pande zote nane ni mita 2.49. Pande zinaweza kulingana na umbo likawa limelala upande kama kikapu kilichokaliwa. Pima kutoka kona hadi kona inayotazamana nayo, mara nne. Zote zisome mita 6.49. Ikitofautiana hata moja kwa zaidi ya sentimita moja, ng'oa mambo mwanze tena, kabla jembe halijagusa udongo.